Pikapu Imeinuliwa, Apa Amu Mpya Zimefungwa, Bado Inasumbua: Tafuta Chanzo kwa Dalili

Kila mvua za vuli zinapokaribia, maswali hurudi yaleyale. Mtu ameinua Hilux yake inchi mbili ili ipite kwenye tope jeusi la mbuga za Misungwi na Magu, au ifike mialo ya wavuvi ya Sengerema bila kukwaruza tumbo. Gari likaanza kutangatanga kwenye lami. Akaambiwa dawa ni apa amu (mikono ya juu ya sasipensheni inayoshika magurudumu ya mbele), akazitafuta kwa pesa nyingi, zikafungwa, na gari bado halijatulia. Wengine huja na mlio ambao haukuwapo kabla.

Nimefunga na kufungua amu hizi hapa Mwanza kwa miaka, nyingi zikiwa za watu waliofungiwa kwingine. Mara nyingi amu yenyewe haina kosa. Kosa huwa kwenye kupima, kwenye kukaza, au kwenye kifaa cha jirani kilichokuwa kimeshachoka kabla amu mpya haijafika. Kwa hiyo usianze kununua kingine. Tafuta dalili yako hapa chini, kisha anza na ukaguzi usiogharimu kitu.

Kabla ya dalili yoyote

Si kila pikapu ina apa amu. Land Cruiser 79 na Hilux za zamani zenye eksili nzima mbele hazina kabisa, na kasta yake hurekebishwa kwa njia nyingine. Ninazozungumzia hapa ni pikapu zenye sasipensheni huru mbele, koili ikiwa imezunguka shokapu: Hilux kuanzia Vigo, Ranger za kuanzia 2011, Navara, Triton, D-Max za kuanzia kizazi cha pili, pamoja na ndugu zao Prado 120 na 150. Kama gari lako lina tosheni baa (fimbo ya chuma inayojisokota kama springi) badala ya koili, usifungue apa amu kabla baa hiyo haijalegezwa na mtu anayeijua. Ina nguvu iliyobanwa ndani yake, nayo hutoka kwa kishindo.

Sasa, kuinua gari kunafanya nini? Ukiongeza milimita 50 mbele, amu zote mbili, ya juu na ya chini, zinalala zaidi kuelekea chini. Boljointi ya juu (kiungo cha mpira wa chuma kinachounganisha amu na gurudumu) inainama hadi karibu na mwisho wa uwezo wake. Kasta inapungua, mara nyingi kwa digrii moja au zaidi. Kasta ni mlalo wa mstari unaounganisha boljointi ya juu na ya chini, ukilitazama gari ubavuni. Ya juu ikiwa nyuma kidogo ya ile ya chini, kama uma wa baiskeli ulivyolala, gurudumu linajinyoosha lenyewe na usukani unarudi katikati ukiuachia. Pikapu nyingi hutoka kiwandani na kasta ya digrii 2 hadi 4. Ukiipunguza, gari linakuwa kama mtu anayetembea kwa visigino.

Apa amu za kuboreshea zinafanya mambo matatu: zinairudisha boljointi ya juu nyuma (nyingi huongeza kasta digrii 2 hadi 4), zinaipa boljointi nafasi ya kuinama zaidi, na zinakaa mbali na koili gurudumu likining'inia. Basi. Haziinui gari, hazilainishi safari, na haziponyi shokapu iliyokufa. Aliyekuuzia kwa ahadi hizo hakukutendea haki.

Kipimo kimoja uwe nacho kwenye daftari daima: umbali kutoka katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) hadi ukingo wa fenda, kila upande, gari likiwa bapa. Usipime kutoka chini, maana upepo wa tairi utakudanganya. Mwanza yetu ya mawe na miteremko haina sehemu bapa nyingi; mimi hupimia kwenye sakafu ya sheli asubuhi, kabla foleni haijaanza.

Dalili ya 1: Gari linatangatanga, usukani haurudi wenyewe

Hii ndiyo malalamiko namba moja. Imesikika zaidi tangu Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa Juni 2025, kwa sababu watu wanavuka Kigongo hadi Busisi bila kusubiri kivuko na wanakaa kwenye mwendo kwa muda mrefu. Ila usilipimie gari pale darajani. Upepo wa ziwa unaisukuma pikapu ndefu kwa ubavu hata kama haina tatizo. Tafuta lami tupu na iliyonyooka, asubuhi isiyo na upepo.

Anza na upepo wa matairi. Tairi kubwa za rafu rodi zikiwa na upepo mdogo, labda ulizipunguza ukiwa kwenye mchanga wa ufukweni na hukuzijaza tena, huyumba zenyewe. Jaza, endesha, ndipo uendelee.

Kisha tope. Udongo mweusi wa mbuga hukauka ndani ya rimu ukawa mgumu kama tofali, upande mmoja zaidi ya mwingine, na usukani unatetemeka. Nimeona watu wakibadilisha tairodi (fimbo za usukani zinazogeuza magurudumu) kwa sababu ya kilo moja ya udongo. Osha rimu kwa ndani, kwa maji ya nguvu, ndipo uhukumu.

Kama hayo mawili ni sawa, sababu ya kawaida kabisa ni alaimenti ambayo haikufanyika, au imefanyika nusu. Sehemu nyingi zinarekebisha tou peke yake, yaani namna ncha za mbele za matairi zinavyoelekeana, kisha wanakurudishia gari. Tou ikinyooka usukani unakaa katikati, mteja anaridhika, lakini kasta haikuguswa. Dai karatasi ya mashine. Iwe na kasta ya kushoto na ya kulia, kemba (mlalo wa tairi kuelekea ndani au nje) ya kushoto na ya kulia, na tou. Kwa pikapu iliyoinuliwa inchi mbili na kufungwa amu mpya, mimi hupenda kuona kasta kati ya digrii 3 na 4.5, kemba karibu na sifuri au nusu digrii kwa ndani, na tou ya kuelekea ndani milimita moja au mbili tu. Fundi asiyeweza kukupa karatasi hiyo hajapima kitu.

Ikiwa karatasi inaonyesha kasta imeshuka chini ya pale ilipokuwa kabla ya amu mpya, shuku kwamba amu zimegeuzwa. Hili linatokea kuliko watu wanavyodhani. Amu nyingi za kuboreshea zina upande: boljointi imesogezwa nyuma, si katikati. Ya kushoto ikifungwa kulia, boljointi inasogea mbele badala ya nyuma, na umelipa pesa kuharibu kile ulichotaka kukirekebisha. Simama mbele ya gurudumu, tazama amu kutoka juu, halafu linganisha na karatasi iliyokuja kwenye boksi. Boljointi lazima iegemee upande wa mlango, si upande wa bampa.

Karatasi inaweza pia kuonyesha kasta nzuri siku ya kupimwa na mbaya mwezi mmoja baadaye. Hapo tazama bolti za lowa amu (amu ya chini) zenye kemu, zile duara zenye alama za mistari. Ndizo zinazorekebisha kasta na kemba kwenye Hilux na Prado. Zisipokazwa ipasavyo zinateleza ukigonga jiwe. Nikimaliza alaimenti hupaka mstari wa rangi nyeupe kupita juu ya kemu na chasisi. Mstari ukikatika, najua imesogea. Jambo hili halina gharama na limeniokoa mara nyingi.

Upande mwingine wa tatizo hilo ni kemu zilizoganda, na ni ugonjwa hasa wa magari ya mwaloni. Maji ya ziwa letu hayana chumvi, lakini gari linaloingia majini mara kwa mara, likatoka na mchanga na tope, kisha likalala nje usiku, hupata kutu ndani ya bomba la bushi (raba inayoshika mwisho wa amu kwenye chasisi). Bolti inashikana na bomba, na fundi wa alaimenti anakuambia "haizunguki, boss". Anasema kweli. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu siku mbili mfululizo, jioni na asubuhi, kisha ujaribu kuizungusha kwa spana ndefu, nati ikiwa imelegezwa. Isipotoka, usiruhusu mtu aipige moto wa gesi bushi ikiwa ndani: raba inaungua, na utanunua lowa amu nzima au bushi mpya pamoja na bolti. Hapo kazi ni ya kukata bolti, na ni ya gereji yenye vifaa.

Mwisho, raki endi na bushi za raki (chuma cha usukani kinachosukuma magurudumu). Gari likiwa chini, injini imewashwa, mwenzako achezeshe usukani kidogo kushoto na kulia huku wewe unatazama chini. Raki yote ikisogea kabla magurudumu hayajasogea, bushi zimekwisha. Apa amu haihusiki.

Dalili ya 2: Mlio uliotokea baada ya kufunga

Sikiliza kwanza, fungua baadaye. Milio inatofautiana na kila mmoja una mahali pake.

Mlio mmoja mzito, "ko!", unapoanza kuondoka au unapokanyaga breki kwa mwendo mdogo, mara nyingi ni bolti ndefu ya apa amu iliyolegea. Inasogea mara moja mbele, mara moja nyuma. Kaza kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha kitabu cha gari lako, si kwa hisia ya mkono.

Mlio wa "koko-koko-koko" usiokoma kwenye rafu rodi, hasa gari likiwa tupu, mara nyingi ni stabilaiza linki (viungo vifupi vya baa inayozuia gari lisilale kwenye kona). Gari likiinuliwa, linki hizo zinakaa kwa pembe mbaya na boljointi zake ndogo zinakufa haraka. Fungua linki zote mbili, zifunge kwa waya zisigonge, kisha endesha polepole kilomita moja tu kwenye barabara hiyohiyo. Mlio ukiisha, umepata jibu kwa bei ndogo. Rudisha linki kabla ya kurudi barabara kuu, kwa sababu bila stabilaiza gari linalala vibaya kwenye kona.

Mlio mkali wa chuma, "ta!", gurudumu linapodondoka kwenye shimo au unapotoka kwenye tuta kwa kasi: amu inagonga koili au kiti cha juu cha shokapu. Inua mbele, weka chasisi kwenye stendi, acha magurudumu yote mawili yaning'inie kabisa, halafu tazama kwa tochi nafasi kati ya amu na koili. Rangi iliyokwaruzwa na chuma kinachong'aa vinakuambia. Sababu ya kwanza ni spesa (kipande cha kuongeza kimo) iliyowekwa juu ya shokapu. Spesa ya namna hiyo inasukuma shokapu nzima chini, gurudumu linashuka kuliko lilivyopaswa, na amu inafika mahali ambapo haikuundwa kufika. Wengine wameweka spesa juu ya koili ndefu, yaani vyote viwili kwa pamoja. Hapo dawa si amu nyingine. Ni kupunguza kuinua hadi kiwango ambacho amu yako imeundiwa, au kutumia shokapu yenye urefu sahihi.

Kilio cha "kwii, kwii" gari likipanda na kushuka polepole ni bushi za poliyurethani zilizokauka. Kama zina nipo (tundu la kupigia grisi), piga grisi ya silikoni au ile iliyokuja kwenye boksi la amu. Kama hazina nipo, zitalazimika kutolewa, kusafishwa na kupakwa. Grisi ya kawaida ya beringi isiingie humo. Aina nyingine za grisi hizo hulainisha vibaya plastiki hiyo kwa muda.

Na sasa kosa ninaloliona zaidi ya yote, ambalo limenigharimu hata mimi. Bushi za raba zilizogandishwa na bomba la chuma hazitelezi. Zinajikunja na kujikunjua. Ukikaza bolti yake gurudumu likiwa limening'inia hewani, umeiweka raba katika hali ya "kawaida" isiyo ya kawaida. Ukishusha gari chini, raba inakuwa imejikunja muda wote, hata gari likiwa limepaki. Inachanika. Pikapu yangu mwenyewe, niliyoipeleka gereji moja nikiwa safarini, ilikaziwa hivyo, na baada ya miezi minne bushi ya kushoto ilikuwa imepasuka upande mzima. Nilisikia "ko!" ile ya kuanza mwendo, nikakaza bolti mara tatu, na haikuisha, kwa sababu bolti ilikuwa imekaza vizuri tangu mwanzo.

Namna ya kukaza ni hii: funga bolti kwa mkono tu wakati gurudumu linaning'inia. Kisha weka jeki chini ya lowa amu, karibu na gurudumu, uinue hadi umbali wa habu na fenda ulingane na ule ulioandika kwenye daftari. Hapo ndipo ukaze kwa toki renchi. Bushi za poliyurethani zinazozunguka kwenye bomba lake zinaweza kukazwa popote, lakini mimi hukaza zote kwa kimo cha kusimama ili mkono usisahau.

Kumbuka pia nati ya taji ya boljointi. Ukiifikisha kipimo na tundu la spliti pini (pini inayozuia nati isilegee) halijalingana, endelea kukaza hadi tundu lifuatalo. Usiilegeze kurudi nyuma. Nati iliyorudishwa nusu zamu ndiyo inayoruhusu pini ya boljointi kucheza ndani ya stabu (chuma kinachobeba habu), na tundu likishapanuka, stabu nayo ni ya kubadilisha.

Dalili ya 3: Tairi linalika upande mmoja

Pitisha kiganja juu ya tairi kutoka nje kuelekea ndani, kisha kutoka ndani kuelekea nje. Ukihisi meno kama ya msumeno upande mmoja wa mpito, ni tou. Likilika laini upande mmoja bila meno, ni kemba.

Tou ni ya kwanza kushuku, kwa sababu kuinua gari kunabadili pembe ya tairodi na tou inahama yenyewe. Kemba inafuata. Fundi akivuta kemu ili kupata kasta nyingi, anaweza kuipoteza kemba, gurudumu likalala. Hizi mbili zinagombania nafasi ileile kwenye lowa amu za kiwandani, na hapa ndipo apa amu nzuri inalipa gharama yake: kasta inatoka kwenye amu, na kemu inabaki kwa ajili ya kemba. Kama baada ya amu mpya fundi bado anasema hawezi kupata vyote viwili, ama gari limeinuliwa kupita kiasi, ama kitu kimepinda.

Tairi likilika kwa mabaka mabaka kuzunguka, angalia shokapu na balansi.

Dalili ya 4: Linavuta upande

Tunaendesha kushoto, na barabara zetu zimeinuka katikati ili maji yamwagike pembeni. Kuvuta kidogo kushoto ni kawaida. Jaribu kwenye eneo bapa kabisa kabla ya kulalamika.

Likivuta bado, badilishana matairi ya mbele, kushoto kwa kulia. Mvuto ukihama na tairi, tatizo ni tairi. Usipohama, tazama karatasi ya alaimenti: gari huvutia upande wenye kasta ndogo, na tofauti ya zaidi ya nusu digrii kati ya pande mbili inatosha kuhisiwa. Gusa pia rimu baada ya safari, kwa uangalifu. Moja ikiwa ya moto sana kuliko nyingine, breki upande huo imeng'ang'ania.

Dalili ya 5: Taa ya ABS imewaka siku ileile au wiki ileile

Karibu kila mara ni waya wa sensa. Kwenye Hilux na Prado waya huo umeshikizwa juu ya apa amu ya zamani, na amu mpya nyingine hazina mahali palepale pa kushikizia. Fundi anaufunga kwa kamba ya plastiki, umekazwa mno. Gurudumu likidondoka shimoni mara moja, waya unakatika kwa ndani huku ngozi ya nje ikiwa nzima.

Ning'iniza gurudumu, geuza usukani hadi mwisho kila upande, tazama waya na paipu ya breki. Vyote viwe na ulegevu kidogo katika kila hali, na visiguse tairi wala koili. Waya ukiwa mzima kwa macho, chomoa plagi yake juu, ipulize na uifute. Maji na tope huingia humo. Zaidi ya hapo inahitaji mashine ya kusoma kompyuta ya gari.

Paipu ya breki ikiwa imenyooka kama kamba iliyovutwa gurudumu likining'inia, usiliendeshe gari. Si suala la taa tena.

Dalili ya 6: Boljointi au yunibol inakufa mapema

Kuna amu zenye boljointi iliyofungwa kwa raba na grisi, na kuna zenye yunibol, ile beringi ya mpira wa chuma iliyo wazi. Yunibol inainama sana na ni imara, inafaa magari ya mashindano yanayofunguliwa kila baada ya mbio. Kwa mtu anayebeba dagaa kutoka mwaloni na kupita vumbi la Buchosa, mimi namshauri boljointi iliyofungwa, yenye nipo. Yunibol ikiingia mchanga inasaga, inalia "ngrr" ukigeuza usukani ukiwa umesimama, na inaanza kucheza. Ukiwa nayo tayari, ioshe kila ukitoka topeni na uikague kila mwezi.

Boljointi iliyofungwa nayo hufa mapema kwa sababu mbili. Ya kwanza ni raba iliyochanika wakati wa kufunga, kwa sababu mtu alitumia uma wa kugongea na nyundo. Ya pili ni grisi iliyopigwa kwa pampu ya hewa hadi raba ikapasuka. Piga kwa pampu ya mkono, taratibu, uache raba inapoanza tu kuvimba.

Kupima mchezo: weka jeki chini ya lowa amu ili uzito uondoke kwenye boljointi. Shika tairi juu na chini, litikise. Mwenzako atazame penye mwanya. Kisha akanyage breki na wewe utikise tena. Mchezo ukiisha, ni beringi ya habu. Ukibaki, ni boljointi, ya juu au ya chini. Shika kushoto na kulia na utikise: hiyo ni tairodi au raki endi.

Dalili ya 7: Tairi linagusa

Kasta ikiongezeka, tairi linabadili njia yake likigeuka, na linaweza kugusa plastiki ya ndani ya fenda au madigadi ambapo halikugusa zamani. Kugusa plastiki kunarekebishika. Kugusa apa amu yenyewe ni jambo lingine: rimu ina ofseti (jinsi inavyokaa ndani au nje ya habu) isiyofaa au tairi ni pana mno. Usisage amu ili kupata nafasi.

Dalili ya 8: Grisi imetapakaa ndani ya rimu, au "kat-kat-kat" ukikata kona

Hiyo ni sivi jointi (kiungo cha shafti inayozungusha gurudumu la mbele). Gari likiinuliwa, shafti za mbele zinafanya kazi kwa pembe kali na mikunjo ya raba inasuguana hadi inachanika. Apa amu haisababishi, wala haiponyi. Raba ikichanika leo na ukaibadilisha wiki hii, jointi itapona. Ukipita nayo kwenye mbuga mara mbili, utanunua shafti.

Hapa simama, mwite fundi mwenye uzoefu

Usifungue nati ya katikati juu ya shokapu yenye koili. Koili imebanwa, na inaweza kuua. Nati tatu za pembeni zinatoa shokapu nzima. Ile ya katikati inahitaji kibanio maalumu.

Ukifungua boljointi ya juu, stabu inaangukia nje na kuvuta sivi jointi na paipu ya breki. Ifunge kwa waya kwenye koili kabla ya kugonga chochote. Na usiingie chini ya gari lililo kwenye jeki pekee. Ukiwa kwenye mchanga wa ufukweni, hata stendi zinazama. Tandika ubao mpana au sogeza gari hadi kwenye sakafu.

Boljointi ya chini ikicheza, gari lisitembee. Hili ni zito zaidi kwa wenye Surf 185 na Prado 90, ambazo boljointi yake ya chini inavutwa na uzito wa gari badala ya kukandamizwa. Ikiachia, gurudumu linajikunja chini ya gari ukiwa kwenye mwendo. Mwaka 2005 Toyota iliyaita magari ya ukoo huo yaliyouzwa Marekani, yakiwemo Tacoma na 4Runner, kwa sababu ya boljointi hizo. Watu wananunua apa amu za kupendeza huku ile ya chini ikiwa na umri wa gari lenyewe. Anza na ya chini.

Ukikuta ufa kwenye amu, kwenye masikio ya chasisi zinapofungwa, au kwenye stabu, usiendelee. Na usikubali amu iliyochomelewa, iwe ya zamani iliyokatwa na kurefushwa au iliyonakiliwa kwa mabomba. Najua mafundi wetu wa kuchomelea wana mikono mizuri, na kwa geti au bodi ya mizigo ningewapa kazi leo. Lakini amu inabeba gurudumu la mbele kwa mamilioni ya mikunjo midogo, na joto la kuchomelea linabadili chuma pembeni mwa mshono, mahali usipopaona. Ikivunjika njiani, kati ya Usagara na Misungwi kwa mfano, lipandishe gari kwenye kerio hadi gereji. Usilivute kwa kamba.

Zikishafungwa sawa, tembea kilomita 500, kisha kaza upya bolti zote za amu gari likiwa kwenye kimo chake, tazama ile mistari myeupe ya rangi kwenye kemu, na upeleke gari kwenye alaimenti mara ya pili na karatasi ya kwanza mkononi.